Panya, Seli na Mtoto Aliyeng'atwa: Mjadala wa Bujumbura

Hoja iliyowekwa mezani ni hii: maabara za Burundi, za binadamu na za mifugo, zijipange kuanzia sasa kuachana na wanyama katika kupima magonjwa na kutafiti tiba. Wapo wanaosema hilo ni suala la nchi tajiri, lakini mji huu una historia yake ndani ya suala hili. Katika miaka ya 1980 sokwe wachanga walikuwa wakipitishwa na kuuzwa Bujumbura, wengi wao wamenaswa katika misitu ya Kongo baada ya mama zao kuuawa. Biashara ya sokwe wa Afrika wakati huo ililisha nyumba za matajiri, maonyesho na maabara za ng'ambo. Taasisi ya Jane Goodall, mwanamama aliyeanza utafiti wake Gombe mwaka 1960 kwenye mwambao wa ziwa letu hilihili la Tanganyika, ilifungua hapa makao ya kuwatunza yatima hao. Mwaka 1993, vita vilipoitikisa nchi, watatu wa kwanza walihamishiwa Sweetwaters, katika hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki, Kenya. Wengine wakafuata.

Nimewakalisha wazungumzaji watano: mtaalamu wa maabara, daktari mstaafu wa mifugo, mwanafunzi wa udaktari, ustadhi wa Buyenzi, na mama mzazi wa Kamenge. Sikuwapa majina, kwa sababu kila mmoja anabeba maneno ya wengi. Uenyekiti nimeushika mwenyewe.

MWENYEKITI: Karibuni nyote. Mama ameomba aanze, tumpe nafasi.

MAMA: Asante, mwenyekiti. Mimi si msomi wa maabara. Nauliza jambo moja tu. Mtoto ameng'atwa na mbwa wa mtaani, vijana wamemuua yule mbwa, kichwa chake kimepelekwa kupimwa kichaa. Jibu linarudi lini?

MTAALAMU WA MAABARA: Mama, kwanza tuelewane: mtoto hangojeshwi jibu la maabara. Jeraha linaoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 nzima, na mtoto anapelekwa kuanza chanjo siku hiyohiyo, maana dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Ila jibu lina kazi kubwa. Ndilo linalotuambia kama tuwatafute wengine walioguswa na mate ya mbwa huyo, na kama mbwa wa mtaa mzima wachanjwe haraka.

Njia ya zamani ni hii. Unachukua kipande cha ubongo wa mbwa, unakisaga katika maji ya dawa, kisha unakidunga ndani ya ubongo wa panya weupe wadogo. Baada ya hapo huna kazi ila kutazama. Kila asubuhi unafungua kizimba uone nani manyoya yamemsimama, nani anatetemeka, nani miguu ya nyuma imelegea, nani amekufa usiku. Mpaka ziishe siku 28 ndipo unaandika kwamba virusi havikuonekana.

MAMA: Siku 28! Na jirani aliyembeba mbwa yule mikononi, atalala vipi siku zote hizo?

MTAALAMU WA MAABARA: Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Tangu mwaka 1958 dunia ina kipimo cha kingamwili zinazong'aa, kinachotoa jibu siku hiyohiyo. Tatizo lake ni hadubini yake: ni ghali, na taa yake maalumu inadai umeme wa uhakika. Baadaye wataalamu wa Marekani wakatengeneza kipimo kingine kinachotumia hadubini ya kawaida, kama zile za kupimia malaria. Kikajaribiwa hapa jirani, Tanzania, kwa sampuli za wanyama wa eneo la Serengeti zilizohifadhiwa katika gliserini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: kiliafikiana na kile cha kingamwili zinazong'aa.

Kazi yake naieleza hatua kwa hatua. Unagusisha kioo kwenye ubongo ili kibaki na alama nyembamba, unakizamisha katika formalini, unadondoshea kingamwili zinazoshika virusi vya kichaa peke yake, kisha rangi. Ukiweka jicho kwenye hadubini, kama virusi vipo, unaona vidoa vyekundu vimetawanyika juu ya buluu ya seli za ubongo. Saa moja hivi imetosha. Hakuna panya aliyedungwa, na Mama anapata jibu lake kabla jua halijazama.

DAKTARI WA MIFUGO: Dada, umesema vizuri, na mimi sitetei kizimba cha siku 28. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Panya huyu ndiye aliyetufundisha magonjwa ya ukanda wetu. Mwaka 1937 virusi vya West Nile vilipatikana Uganda kutoka kwenye damu ya mwanamke mmoja, kwa kudunga panya. Mwaka 1947 watafiti wa Entebbe walimweka tumbili wa Asia katika kizimba msituni Zika awe mtego wa homa ya manjano. Akapata homa, damu yake ikadungwa kwenye ubongo wa panya, na dunia ikaijua zika. Chikungunya ililipuka mwaka 1952 Newala, uwanda wa Makonde, navyo virusi vyake vilinaswa kwa panya. Leo mnaipima zika kwa mashine ya PCR kwa sababu kuna mtu aliyekwisha kuwaambia mtafute nini. Ugonjwa usiojulikana hauna kitendanishi. Siku ukija ugonjwa mgeni kutoka misitu ya Kibira au ng'ambo ya Rusizi, mtaupima kwa nini?

MWANAFUNZI: Mzee wangu, naomba nijibu kwa heshima. Historia hiyo ni ya kweli, na pia imepita. Siku hizi sampuli ya mgonjwa inaweza kusomwa chembe zake zote za urithi bila kujua mapema unatafuta nini. Wakati wa Ebola Guinea, mwaka 2015, watafiti walisafiri na mashine za kusomea jeni zinazoenea kwenye kiganja, wamezipakia ndani ya mabegi ya kawaida ya safari. Na hapa kwetu, tarehe 25 Julai 2024 serikali ilipotangaza mlipuko wa mpox, wagonjwa wa kwanza walithibitishwa katika maabara ya taifa mjini hapa, kwa sampuli za wagonjwa wenyewe.

Tena mnyama hudanganya. Machi 2006, jijini London, vijana sita wenye afya walipewa dawa mpya iliyoitwa TGN1412. Tumbili walikuwa wameivumilia vizuri, na vijana wale walipewa dozi ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa wanyama. Ndani ya saa chache wote sita walikuwa mahututi. Walinusurika kwa kukimbizwa chumba cha wagonjwa mahututi. Kinga ya mwili wa tumbili haikutabiri kinga ya mwili wa binadamu.

DAKTARI WA MIFUGO: Na dawa ngapi zilizuiwa kwa sababu zilimuua panya kabla ya kumfikia mtu? Hizo hazina habari gazetini.

MWANAFUNZI: Kweli, hazina. Lakini tazama malaria, ugonjwa wetu mkubwa. Kimelea cha malaria ya binadamu hakikubali kuishi ndani ya panya. Kwa hiyo watafiti walitumia ndugu yake, kimelea cha panya wa msituni kilichogunduliwa Katanga mwaka 1948. Kikafundisha mengi, lakini ni kimelea kingine ndani ya mwili mwingine. Mwaka 1976 ndipo Trager na Jensen, Marekani, walipoweza kukikuza kimelea chenyewe cha binadamu, kiitwacho falciparum, mfululizo ndani ya damu ya binadamu katika maabara. Tangu hapo dawa inaweza kujaribiwa moja kwa moja juu ya adui halisi. Na mwaka 2010 wanasayansi wa Harvard walitengeneza kipande cha plastiki kama flashi ya kompyuta, ndani yake seli za mapafu ya mtu zinapumua. Ini likafuata. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa dawa 27 uliotumia ini la namna hiyo, nalo likazitambua asilimia 87 ya zile zenye sumu kwa ini la binadamu. Desemba mwaka huohuo Marekani ilibadilisha sheria yake ya mwaka 1938, na dawa mpya hailazimiki tena kupitia kwa mnyama kabla ya kujaribiwa kwa watu.

MWENYEKITI: Mdogo wangu, Harvard ni mbali. Mzee Daktari ana neno juu ya Bujumbura.

DAKTARI WA MIFUGO: Ninalo. Panya anakula mahindi na pumba, hali umeme. Hizo seli mnazozisifu zinataka kabati la nyuzi joto 37 usiku na mchana, gesi ya kaboni, na akiba yake ilale ndani ya naitrojeni ya kimiminika kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku na mazutu ya jenereta hayapatikani, asubuhi seli zimekufa, na kazi ya mwezi mzima imekwenda nazo. Chakula chake, ile seramu, kinatoka nje kikiwa kimegandishwa. Nyinyi mnaita njia mbadala. Fundi wa hapa anaiona ni ankara isiyolipika.

MTAALAMU WA MAABARA: Mzee, hilo la umeme silibishi. Lakini panya wa maabara si panya wa dari. Anataka chumba safi chenye hewa nzuri, na joto la kando ya ziwa hili unalijua. Anataka chakula kilichopimwa na mtu wa kumhudumia Jumapili na sikukuu. Akiugua ugonjwa wake mwenyewe, jibu lako limeharibika. Ndiyo maana nasema tusizitie njia zote kapu moja. Zipo zinazodai umeme wa uhakika, na zipo zisizoudai. Kipimo cha kichaa nilichokieleza kinafanyika kwa hadubini ya kawaida. Kipimo cha haraka cha malaria kinakaa nje ya friji kwenye santere yoyote ya kijijini, yaani kituo cha afya. Burundi ianze na hizi.

MAMA: Kile cha plastiki cha malaria? Kumbe nacho kimo katika mambo haya?

MTAALAMU WA MAABARA: Kimo, Mama, tena kwa namna utakayoshangaa. Unatobolewa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kitundu, maji ya dawa yanafuata. Damu inapanda juu ya karatasi nyembamba ndani ya plastiki. Baada ya dakika 15 au 20 unaona mstari mmoja au miwili. Ule mstari wa pili ni chembe ndogo sana za dhahabu zilizobebwa na kingamwili zilizonasa protini ya kimelea. Na kingamwili hizo, kwa kawaida, asili yake ni panya: alidungwa protini hiyo, seli za bandama lake zikaunganishwa na seli za saratani zisizokufa, nazo zikaendelea kutoa kingamwili ndani ya chupa. Ni ufundi wa mwaka 1975. Hata kile kipimo cha kichaa kinategemea kingamwili za aina hiyo. Nayo seramu aliyoitaja Mzee hutolewa kwenye damu ya ndama aliye bado tumboni, ng'ombe anapochinjwa akiwa na mimba.

USTADHI: Basi hapo dada umejihukumu. Mnyama amefichwa, hajaondolewa.

MTAALAMU WA MAABARA: Sikatai, Ustadhi. Ila pima tofauti. Panya wachache walianzisha seli ambazo zimehudumia mamilioni ya vipimo kwa miaka mingi. Njia ya zamani iliua kizimba kizima kwa kila kichwa cha mbwa. Na mlango unazidi kufunguka: kingamwili sasa zinaweza kuchaguliwa kutoka maktaba za jeni ndani ya bakteria bila kumdunga mnyama, na mwaka 2020 maabara ya Umoja wa Ulaya inayosimamia njia hizi ilishauri wanyama wasitumiwe tena kuzitengeneza.

MWENYEKITI: Ustadhi, umesikia pande zote. Dini inasemaje?

USTADHI: Waislamu tunafundishwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo maumivu ya mnyama yana hesabu mbele ya Mungu. Lakini pia tunafundishwa kwamba maisha ya mtu ni amana, na kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Wengi huishia hapo. Kanuni ina nusu yake ya pili: dharura hupimwa kwa kiasi chake. Siku njia nyingine ilipothibitika na kupatikana, dharura imekwisha, na ruhusa imekwisha pamoja nayo. Kwa hiyo sitamlaumu mtafiti wa Entebbe wa mwaka 1947. Nitamlaumu mtu wa leo anayedunga panya kwa sababu tu ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake.

DAKTARI WA MIFUGO: Nakubali kipimo hicho, Ustadhi, na kwa kipimo hichohicho nataka mnisikilize juu ya ndigana kali. Ugonjwa huu unaua ndama wa wafugaji wetu, na chanjo yake ilitengenezwa Muguga, Kenya, wakati wa utafiti wa pamoja wa Afrika Mashariki. Inatengenezwa hivi: ng'ombe anaambukizwa, kupe wanamnyonya, kisha kupe haohao wanawekwa kwenye masikio ya sungura ili vimelea vikomae, halafu wanasagwa na majimaji yao kugandishwa. Kila toleo jipya lazima lipimwe kwa ng'ombe hai, kwa sababu unachodunga ni vimelea hai. Dozi ikizidi, umempa ndama ugonjwa wenyewe. Hakuna chupa ya seli iliyoweza kuchukua nafasi ya kupe huyo katika uzalishaji. Mkipiga marufuku kesho, mfugaji wa Imbo atazika ndama.

MWANAFUNZI: Hapo, Mzee, sina jibu la leo.

DAKTARI WA MIFUGO: Ndiyo, na hiyo ndiyo haki ninayoidai: anayeondoa aonyeshe anachoweka. Tena msisahau kwamba mnyama anaweza kufanya kazi bila kuuawa. Morogoro, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa makohozi na kutambua kifua kikuu ambacho hadubini ilikikosa. Zamani simbilisi walidungwa makohozi hayo na kuachwa waugue kwa wiki kadhaa. Panya buku ananusa, anapewa ndizi, anarudi kwake.

MAMA: Mimi nina wasiwasi mwingine. Mnasema wanyama watoke, seli za watu ziingie. Seli za nani? Zitatoka kwenye mwili wa nani, na ataulizwa?

MTAALAMU WA MAABARA: Mama amegusa penyewe. Mwaka 1951, huko Baltimore, Marekani, mwanamke mweusi aliyeitwa Henrietta Lacks alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi. Seli zake zilichukuliwa bila yeye kuambiwa, zikakua bila kukoma, zikasaidia utafiti wa polio na mengine yasiyohesabika, na kampuni zikatajirika. Familia yake ilifikia makubaliano na kampuni moja mwaka 2023, miaka 72 baada ya kifo chake. Tukimwokoa panya kwa kumnyang'anya maskini, hatujapiga hatua yoyote.

MWANAFUNZI: Na kuna sababu ya pili ya kuuliza swali hilo. Kama seli zote za majaribio zinatoka kwa watu wa Ulaya na Marekani, dawa itakayopita hapo haijapimwa kwetu. Baadhi ya watu wa kwetu wana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao unafanya dawa kama primakwini kuvunja chembe nyekundu za damu. Panya wa kawaida wa maabara hakuonyeshi hilo. Seli za Mrundi zinaweza kuonyesha, ikiwa zimetolewa kwa ridhaa yake na kuhifadhiwa mahali anapopajua.

MWENYEKITI: Nimewasikia, na sasa nitoe uamuzi wangu wazi.

Mjadala huu ukiletwa kama suala la huruma peke yake, utashindwa Bujumbura, kwa sababu mtu aliyepanga foleni ya santere na mtoto mwenye homa atauliza, na ana haki kuuliza, kwa nini panya aonewe huruma kabla yake. Lakini tulichokisikia leo ni kwamba katika kupima magonjwa mateso ya mnyama na kucheleweshwa kwa mgonjwa vimefungwa kamba moja. Siku 28 za panya ndizo siku 28 za wasiwasi wa jirani ya Mama. Wiki za simbilisi zilikuwa wiki za mtu anayekohoa ndani ya nyumba moja na watoto wake. Kumwacha mnyama katika vipimo ni kumhudumia mgonjwa.

Kwa hiyo hoja naipitisha, kwa mpangilio. Vipimo vitangulie utafiti, kwa kuwa huko njia mbadala zimekwisha kuthibitishwa, na baadhi yake zimethibitishwa na majirani zetu, kwa wanyama wetu na hali ya hewa yetu. Katika vipimo, zitangulie zile zisizolala pamoja na umeme. Zile zinazodai makabati ya joto na naitrojeni, tusijifanye kila mji utakuwa nazo: tumo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Entebbe na Nairobi wana maabara zilizokomaa, na sampuli inasafiri kwa urahisi kuliko mashine. Chanjo ya ndigana kali iendelee na wanyama wake mpaka atokee wa kuipa njia nyingine, na kila anayeomba kutumia mnyama aandike kwanza ni njia gani mbadala aliitafuta na kwa nini haikufaa, mbele ya kamati ambayo ndani yake ameketi mtu kama Mama. Na seli ya Mrundi isitoke nchini bila ridhaa yake iliyoandikwa kwa lugha anayoielewa.

MAMA: Mwenyekiti, umepanga vizuri. Mimi nataka kujua ni kipi cha kwanza, na nani atafundishwa.

MTAALAMU WA MAABARA: Cha kwanza ni kichaa cha mbwa, Mama. Hadubini tunazo, kwa kuwa malaria ilikwisha kutulazimisha kuwa nazo. Vinavyokosekana ni vitendanishi vya kuagizwa kwa pamoja, chombo salama cha kubebea sampuli kutoka mikoani, na mafunzo ya mafundi wa maabara za mifugo na za binadamu wakiwa darasa moja.

DAKTARI WA MIFUGO: Darasa hilo nitakuja kulifundisha mwenyewe. Vichwa vya mbwa nimevipasua miaka yangu yote ya kazi. Najua ubongo unatolewaje bila mtu kujikata.